Shajara ya ala: kulibeba panga la inchi 18 msituni

Jumamosi, 8 Februari

Kikosi chetu cha watu kumi na mmoja hufyeka lantana kila Jumamosi kando ya vijia vya msitu wa Ngong Road, kwa ruhusa ya ofisi ya msitu. Lantana ni mgeni aliyetoka Amerika, na ikishashika mahali, miche ya mikinduri na mihugu haipati jua tena. Kazi yenyewe ni ya panga. Unakata shina chini kabisa, unavuta tawi lenye miiba, unasogea hatua tano, unakata tena.

Leo asubuhi dada mmoja wa kikosi aliteleza kwenye mteremko wa upande wa Southern Bypass. Panga lilikuwa mkononi. Lilimtoka likaruka, likajichoma udongoni shibiri moja tu kutoka goti la mwenzake. Hakuumia mtu. Tuliketi chini wote, hakuna aliyesema neno, tukisikiliza malori yakipita kule barabarani.

Nilipopata kutulia nikajiuliza: kwa nini lilikuwa mkononi? Hakuwa akikata. Alikuwa akitembea. Basi kuanzia hapo nikawa natazama wenzangu. Wanane kati yetu tulitembea na panga wazi mkononi, mimi nikiwemo. Wawili walikuwa wamelichomeka kwenye mshipi wa suruali, chuma kikigusa paja. Mmoja tu alikuwa na ala, yaani kifuniko cha kuvika bapa, ya turubai, iliyokuja na panga kutoka dukani, nayo ilikuwa ndani ya begi.

"Mbona hujaivaa?" nikamuuliza.

"Inanichosha, dada. Kulitoa ni kazi, kulirudisha ni kazi mara mbili."

Nimerudi nyumbani Buruburu na maneno hayo. Nataka kutengeneza ala ambayo mtu ataitumia kila anapomaliza kukata, si anapofika na anapoondoka tu. Nitaandika hapa kila hatua, pamoja na zitakazoharibika, ili atakayetaka kujitengenezea asipoteze ngozi yake.

Jumapili, 9 Februari

Vipimo. Panga langu ni la kawaida la dukani: bapa sentimita 46, yaani inchi 18; mpini wa mbao sentimita 13; unene wa chuma milimita 2 na ushei. Upana karibu na mpini ni sentimita 4, lakini kuelekea nchani unafika sentimita 7.5 kabla ya kujikunja.

Hapo ndipo tatizo la kwanza lilipo. Kisu cha jikoni ni kipana penye mpini na chembamba nchani, kwa hiyo ala yake inakibana chenyewe kikifika mwisho. Panga ni kinyume. Mdomo wa ala lazima uruhusu zile sentimita 7.5 zipite, kisha bapa likishaingia lote, mdomoni panabaki chuma cha sentimita 4 tu kikicheza ndani ya nafasi kubwa. Linagongagonga. Ukiinama, linateleza kutoka.

Nimepima mwili wangu pia, jambo ambalo nadhani wengi hawalifanyi. Nikisimama, mshipi wangu uko sentimita 96 kutoka chini, goti sentimita 45. Panga zima ni sentimita 59. Likining'inia wima na mpini ukiwa usawa wa mshipi, ncha iko sentimita 37 kutoka chini, chini ya goti. Nikichutama, mshipi unashuka hadi kama sentimita 35. Maana yake panga halina pa kwenda: ncha inagonga udongo na mpini unapanda hadi mbavuni. Na kazi ya lantana ni kuchutama asubuhi nzima.

Nimekata kielelezo cha katoni, nikakifunga kwa selotepu na kukivaa jikoni. Niliposogea mara tatu tu mbele ya jiko, ncha ilikuwa imetoboa katoni. Ndiyo maana ya kielelezo.

Jumatano, 12 Februari

Nimetoka kazini mapema nikaenda soko la Kariokor, kwa mafundi wa makubadhi. Nilimpata mzee mmoja ambaye ameketi mbele ya kigogo chake cha kukatia ngozi, msharasi, ile sindano ya kutobolea ngozi, mkononi, donge la nta kando. Nikamwonyesha kielelezo cha katoni na panga nililolifunga ndani ya gunia.

Alilikunjua, akalipima kwa kiganja, akaniuliza swali moja: "Makali yatalala wapi?"

Sikuwa na jibu. Akanieleza taratibu. Ukikunja ngozi moja na kushona ukingo mmoja, makali yanaegemea mshono. Kila unapochomoa na kurudisha, yanakata uzi kidogokidogo, hadi siku moja mshono unafunguka paja likiwa hapohapo. Dawa yake ni kuweka ukanda wa ngozi wa tatu katikati, kati ya kuta mbili, kuanzia mdomoni hadi nchani. Makali yanakutana na ngozi hiyo, siyo uzi.

Akanionyesha pia mshono wa sindano mbili. Uzi mmoja, sindano kila upande, zote zinapita tundu lilelile kwa kupishana. Uzi ukikatika mahali pamoja, ule wa upande wa pili bado umeshika. Mshono wa cherehani hauna subira hiyo. Ukikatika mahali pamoja unaweza kufumuka safu nzima.

"Binti yangu," akasema, "wewe ulikuwa unataka kushona mfuko. Ala si mfuko."

Nimenunua ngozi nene ya ng'ombe iliyochuliwa kwa magome ya muwati, rangi ya chai ya maziwa, na uzi wa nailoni uliopakwa nta. Mzee alinipunguzia bei, kisha akanikopesha msharasi wake wa ziada. Nimeahidi kumrudishia na ala iliyokamilika aione.

Ijumaa, 14 Februari

Mashimo 184. Vidole vyangu vinajua kila moja. Nimeyatenga milimita 5, nikashona kwa sindano mbili hadi saa sita usiku. Ngozi niliilowesha kwanza, nikalifunga panga kwa karatasi za plastiki, nikaifinyanga juu yake na kuiacha ikauke kivulini. Imeshika umbo vizuri sana. Nchani nimeacha tundu dogo la kutolea maji.

Jumamosi, 15 Februari

Ala ya kwanza, kiunoni upande wa kulia, imeshikwa na kitanzi kipana cha ngozi kinachopita kwenye mshipi.

Kutembea tambarare: vizuri. Nilifurahi, nikajiona nimemaliza kazi.

Kupanda mteremko: kila hatua paja linasukuma ala, ala inasukuma mshipi, mshipi unavuta suruali chini. Kuchutama: kama hesabu ilivyosema, mpini ulinipiga mbavuni. Mara ya tatu niliihamisha ala hadi kwenye kinena, mara ya nne hadi nyuma. Kufikia saa nne nilikuwa nimelishika panga mkononi kama wenzangu.

Nimeanza kuhesabu. Mfuko wa kushoto nina mbegu za mkinduri. Kila ninapolirudisha panga alani nahamisha mbegu moja kwenda mfuko wa kulia. Kwa saa moja ya kazi, mbegu tatu. Nilitembea kutoka kichaka hadi kichaka zaidi ya mara ishirini. Hicho ndicho kipimo nitakachotumia mradi wote, kwa sababu hakidanganyi: ala inayopendeza macho lakini mtu hairudii ni sawa na kutokuwa nayo.

Jumamosi, 22 Februari

Mgongoni. Vijana wa kikosi ndio walioomba, maana wameona hivyo kwenye filamu. Nilifunga ala kwa kamba mbili za begani, mpini ukitokeza juu ya bega la kulia.

Kulichomoa: mkono wangu haufiki. Bapa ni sentimita 46, nami nikiinua mkono juu kabisa nalitoa kama sentimita 38, halafu linakwama na ncha bado imo ndani. Kulirudisha: unatafuta mdomo wa ala nyuma ya shingo yako, kwa chuma chenye makali, bila kuona. Nilijaribu mara moja nikiwa nimelifunika kwa kitambaa kinene, na sitajaribu tena. Isitoshe, ukianguka chali umelalia ubao wa chuma uliopita juu ya uti wa mgongo.

Kulifunga ubavuni mwa begi la mgongoni, ndani ya mikanda ya kukazia mizigo, hiyo ni njia nzuri ya safari. Uzito unakaa karibu na mwili na kiuno kinabaki huru. Lakini ni ya safari, si ya kazi. Kila ukilihitaji unavua begi.

Mbegu: sifuri.

Jumamosi, 1 Machi

Leo mkanda wa begani, unaopita kifuani kutoka bega la kulia hadi nyonga ya kushoto. Ukanda wenyewe ni wa begi la mtumba kutoka Gikomba, upana sentimita 5, laini, wenye bizimu ya kupunguza urefu.

Hii imenifundisha mengi. Uzito wa panga na ala ni kama gramu 900, na begani hauhisiki kabisa. Suruali haivutwi. Wale wanaovaa sketi au leso, ambazo hazina vitanzi vya mshipi, wanaweza kuivaa vilevile. Dada aliyeteleza tarehe 8 aliivaa saa nzima akasema hajawahi kufanya kazi na panga bila kuumwa nyonga.

Ubaya wake ni mmoja, lakini mkubwa. Ukiinama, ala inazunguka na kuja mbele, kati ya miguu. Tukaongeza kamba nyembamba ya kuizuia kiunoni. Ikatulia, ila sasa una mikanda miwili, na begi la maji juu yake, na koti la mvua juu ya begi. Kuvaa na kuvua ni dakika nzima. Na kwa kuwa mpini uko kushoto, unalichomoa kwa kukata mbele ya tumbo lako na kuelekea aliye kushoto kwako. Kwenye kijia chembamba cha watu kumi na mmoja, hilo sikubaliani nalo.

Mbegu: saba. Nyingi kuliko zote hadi sasa, na bado chache.

Niliketi kwenye gogo nikajitazama nikilirudisha, taratibu, hatua kwa hatua. Mkono wa kulia una panga. Mkono wa kushoto unashika mdomo wa ala kuufungua, kwa sababu ngozi imelainika kwa jasho na umande, mdomo umelala. Macho yanatazama chini. Vidole vya kushoto viko kwenye ukingo uleule ambao makali yanapita. Yaani ninapolirudisha panga, nasimama, natazama chini, natumia mikono miwili, na mmoja nauweka mahali pabaya. Nani atafanya hivyo mara ishirini kwa saa?

Wiki tatu nzima nimekuwa nikishughulika na mahali pa kuitundika ala, na kumbe kinachomchosha mtu ni mdomo wake.

Jumanne, 4 Machi

Nimerudi kwa mzee Kariokor na swali la mdomo. Akacheka, kisha akaniuliza kama nimewahi kushika sime ya Kimaasai kwa makini, siyo kuitazama tu kiunoni mwa askari wa lango.

Sime nayo hupanuka kuelekea nchani, kama jani, kwa hiyo ina tatizo lilelile la panga. Ala yake kwa nje ni ngozi iliyotiwa rangi nyekundu, ndiyo inayoonekana. Ndani ni mbao. Ngozi imezivisha mbao, ikakaushwa ikabana. Mdomo wa mbao haulali hata mvua inyeshe. Nchini Nepal nako, khukuri, lile jisu lao lililopinda, hukaa katika ala ya mbao iliyovishwa ngozi. Watu wawili walio mbali hivyo wamefika mahali pamoja.

Mbao ningeweza, lakini kuchonga vibao viwili vya nusu mita vyenye upana huu kunahitaji randa na muda nisio nao, na ningependa kila mtu wa kikosi aweze kujitengenezea. Mzee akatazama nje ya kibanda, akanyosha kidole kwenye duka la vifaa vya ujenzi la ng'ambo. Mabomba ya maji.

Jumamosi, 8 Machi

Sikwenda msituni leo. Siku nzima uani na jiko la makaa.

Hesabu kwanza. Bomba la plastiki la milimita 63, ukuta kama milimita 3, kwa hiyo kipenyo cha ndani ni milimita 57 na mzingo wa ndani kama milimita 179. Likibanwa liwe bapa na kubakiwa na nafasi ya milimita 4, upana wa ndani unakuwa kama milimita 87. Panga langu ni 75. Linaingia na kubakiza zaidi ya sentimita moja. Bomba la milimita 50 lingetoa kama milimita 67 tu, halitoshi. Mwenye panga jembamba lenye upana usiozidi sentimita 6 atumie hilo la 50.

Nilikata urefu wa sentimita 50. La kwanza nililiharibu. Nililishusha karibu mno na makaa, likababuka na kutoa moshi mkali uliochoma koo. Moshi wa plastiki ya namna hii ukiungua una asidi; fanya kazi hii nje, upepo ukitoka mgongoni mwako, na watoto wasiwe karibu. Bomba halitakiwi kuungua hata kidogo. Linaanza kulainika kwenye joto la nyuzi 80 hivi, chini ya maji yanayochemka.

La pili nilifanya kwa subira. Nililishika shibiri moja juu ya makaa yaliyoshika majivu, nikilizungusha wakati wote kama mtu anayechoma mahindi, nikienda toka mwisho mmoja hadi mwingine. Baada ya dakika sita hivi likalegea kama chapati mbichi. Panga nilikuwa nimeliviringishia tabaka mbili za katoni nyembamba ili nafasi ibaki. Nikaliingiza, nikaweka bomba kati ya mbao mbili, nikasimama juu na kumwagia maji. Dakika mbili likawa gumu kama mfupa.

Halafu mdomo. Sentimita 4 za juu nikazipasha tena peke yake, nikazipanua kwa shingo ya chupa hadi zikafunguka kama faneli. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mdomo huo unapokea ncha hata ukikosea kwa vidole viwili, nao haujilazi.

Chini nimebana na kupiga ribiti mbili, mbali na njia ya makali, maana chuma kikigusa chuma makali yanapata pengo. Tundu la maji lipo.

Kelele: panga linagonga ndani kama kengele ya shule. Nimebandika kipande cha tyubu ya baiskeli ndani ya mdomo, upande wa mgongo wa bapa, kimekunjwa kama ulimi. Kinapinda sehemu pana ikipita, kisha kinarudi na kulibana chuma penye sentimita 4. Kimenyamazisha kelele na kimezuia kuteleza. Tatizo la tarehe 9 Februari limeisha kwa mpira wa bure kutoka kwa fundi wa baiskeli.

Jumamosi, 15 Machi

Sasa kutundika. Ala mpya, ngumu, kiunoni kwa kitanzi kifupi kama ile ya kwanza: mpini mbavuni tena, na safari hii kwa nguvu zaidi kwa kuwa bomba halipindi.

Nikajaribu pete. Ukanda wa ngozi wa mzee Kariokor nimeukata uwe koti la sehemu ya juu ya ala, umeishika kwa ribiti kwa nje, na juu yake una pete moja ya chuma. Pete inaning'inia kwenye kitanzi sentimita 6 chini ya mshipi, nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga. Ala imeshikwa mahali pamoja tu, kwa hiyo inazunguka. Ninapochutama, ncha inagusa udongo na kuteleza kwenda nyuma, ala inalala, mpini unakuja mbele chini ya mkono badala ya kupanda mbavuni. Ninaposimama inajirudi wima. Wasami wa kaskazini ya Ulaya huning'iniza jisu lao kubwa, leuku, kwa namna hiyohiyo.

Mshipi nao si wa suruali. Ni mshipi wa kazi, mpana, wa mtumba, unaovaliwa juu ya nguo zote, wenye bizimu moja. Unavua kila kitu kwa mkono mmoja. Sketi, suruali, leso, hakuna tofauti.

Ninapokimbia au kushuka kwa kasi inapigapiga paja. Kamba ya kuifunga pajani inaituliza, ila ukiifunga unapoteza faida ya kuchutama. Nimeifanya iwe ya kufunga na kufungua kwa fundo la kuvuta.

Mbegu: kumi na tisa kwa saa moja.

Nilizimwaga kiganjani nikazihesabu mara mbili. Mara nyingine nililirudisha bila kujua kama nimelirudisha.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua. Msitu umefungwa na matope, tumerudi kutoka langoni.

Jumamosi, 29 Machi

Nimelinganisha ala mbili baada ya wiki ya unyevu. Panga lililolala katika ala ya ngozi limeota kutu upande mmoja, madoa ya rangi ya chungwa yaliyofuata umbo la ngozi. Lililokuwa katika bomba lina mstari mwembamba tu penye mpira wa tyubu. Ngozi hunywa maji na kuyashika. Chuma hiki si cha aina isiyoshika kutu, hakivumilii. Kwa hiyo ala ya ngozi ni ya kubebea, si ya kuhifadhia. Ukifika nyumbani lichomoe, lifute, lipake mafuta kidogo, liache nje ya ala. La bomba nalo ulisuuze mchanga kwa kumwaga maji mdomoni hadi yatoke chini, kwa sababu mchanga ukibaki ndani unakuwa tupa inayokwaruza bapa kila mara.

Mashoto wetu alilalamika leo, na ana haki. Ulimi wa tyubu umewekwa kwa ajili ya mtu wa kulia, akivaa kushoto unabana upande wa makali. Nimeubandua na kuubandika upande wa pili. Ala ya mashoto si ya kugeuza tu, itengenezwe yake.

Jumamosi, 5 Aprili

Habari ya njiani. Napanda matatu kuja mjini, kisha 111 hadi karibu na Racecourse. Panga si kosa kulimiliki, ni chombo cha shamba, lakini mahali pa umma ni juu yako kueleza kwa nini unalo, na abiria aliyeketi karibu nawe hajui wewe ni nani. Hofu yake ni ya kweli na inastahili heshima. Kwa hiyo panga haliingii mjini kiunoni. Ala inafungwa kwa kamba inayozunguka mpini mara tatu, inaingia ndani ya gunia pamoja na glavu na tupa, gunia linafungwa mdomo, na nakala ya barua ya ruhusa inakaa juu. Gunia naliweka chini, kati ya miguu. Kwenye bodaboda nalifunga mgongoni likiwa wima, kamwe si kwa kulipitisha mapajani, linatokeza pande zote mbili. Mshipi tunauvaa tukishapita lango la msitu, na tunauvua palepale tunapotoka.

Makanga wa leo aliuliza gunia lina nini. Nikamwambia, nikamwonyesha barua. Akaniambia, "Sawa mathee, weka hapo nyuma ya dereva," akamwomba na abiria mmoja asogee.

Jumamosi, 12 Aprili

Ala kumi na moja. Nne nilizifinyanga mimi, saba wamejifinyangia wenyewe uani kwangu kwa Jumapili mbili, na bomba moja tu lililoungua. Watatu wamechagua mkanda wa begani badala ya pete. Miili yao imeupenda, nami sikuwabishia, ila wote watatu wamekubali mpini uwe upande wa mkono wao wa kazi na siyo wa kukata mbele ya tumbo. Dada mwenye nyonga pana aliona pete inausukuma mpini nje mbali na mkono. Tulimwongezea urefu wa kitanzi kutoka sentimita 6 hadi 10, ala ikalala sawa chini ya mkunjo wa nyonga.

Tulifanya kazi saa tatu kwenye mteremko uleule wa Southern Bypass, udongo bado umelowa. Nilisimama juu nikatazama mstari wa watu wakihama kutoka kichaka kimoja hadi kingine. Mikono kumi na moja ilikuwa mitupu, mmoja umeshika tawi, mwingine umempa mwenzake mkono kupanda.

Yaliyobaki: ulimi wa tyubu unachakaa baada ya wiki tatu hivi, nitajaribu kipande cha akala. Ribiti za chini kwenye ala mbili zimelegea. Na Jumatano nampelekea mzee msharasi wake, pamoja na ala ya kumi na mbili, ya bomba ndani na ngozi nje, niliyoishona kwa sindano mbili.